Tangu Lini? Kabla Hujaniletea Mtoto Nimwombee



Shule zimefungwa juzi tu na tayari nimepigiwa simu na wazazi wanne. Mmoja yuko Free Area, mmoja Kiamunyi, mmoja alipiga kutoka Molo, na wa nne anaishi hatua chache kutoka kanisani. Wote walikuwa na ombi moja: "Pasta, nataka nikuletee mtoto umwombee. Roho ya ulevi imemwingia." Watatu walikuwa wanasema juu ya wavulana. Mmoja alikuwa anasema juu ya binti wa miaka kumi na tano, kwa hivyo wewe mwenye wasichana usidhani ujumbe huu ni wa jirani.

Niliwaombea wote kwenye simu. Lakini kabla ya kuomba nilimwuliza kila mmoja swali moja, na wote wanne walinyamaza. Niliuliza: tangu lini?

"Tangu lini nini, Pasta?" mama mmoja akaniuliza.

Tangu lini mtoto wako anatumia? Alikuwa darasa gani? Alianza na kitu gani? Nani alimpa? Pesa anatoa wapi? Kimya. Halafu nikaambiwa, "Pasta, mimi nimejua juzi tu."

Mzazi mwenzangu, leo nitakuudhi. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ukitaka kuondoka kwenye ukurasa huu uondoke ukiwa umesoma.

Fungua Marko 9, anza mstari wa 14. Kuna baba amemleta kijana wake mwenye pepo. Wanafunzi wamejaribu wakashindwa, na sasa wako kwenye mabishano na waandishi, umati umejaa unatazama. Yesu anafika. Kijana anaanguka mbele yake, anagaagaa, povu linamtoka. Kama ni mimi, au wachungaji wengi ninaowajua hapa Nakuru, hapo ndipo tungedaka maikrofoni. Yesu anamgeukia baba na kumwuliza mtoto amekuwa hivi kwa muda gani. Ni mstari wa 21. Mwana wa Mungu, anayejua yote, anauliza habari za mgonjwa kama daktari wa zamu. Na baba anajibu pale pale: tangu utotoni. Anaendelea kueleza jinsi mtoto alivyotupwa mara kwa mara motoni na majini. Huyu baba alikuwa anamtazama mtoto wake. Imani yake ilikuwa imeyumba, mwenyewe alikiri kwenye mstari wa 24, lakini habari za mtoto wake alikuwa nazo zote.

Sisi wa leo tunakuja na imani kubwa na habari hatuna.

Nimeihubiri sura hii mara nyingi tangu nitoke chuo cha Biblia, na nakiri kwamba mstari wa 21 nilikuwa nauruka. Nilikuwa nakimbilia wa 25, pale pepo anapokemewa, kwa sababu hapo ndipo kanisa linapolipuka. Aliyenionyesha kosa langu ni kijana wa miaka kumi na saba.

Kijana huyo ni wa kanisa letu. Yeye na mama yake wameniruhusu niandike, bila jina na bila mtaa. Alikuwa anapiga kinanda. Mama yake alimleta mbele mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kesha. Tukamwekea mikono, tukampaka mafuta, akaanguka, tukashangilia. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilimsimamisha ibada ya Jumapili nikatangaza mbele ya watu wote kwamba amefunguliwa, akapewa maikrofoni, akatoa ushuhuda mzuri sana. Wengine wenu mlikuwepo. Mlilia.

Wiki tatu baadaye, saa tano usiku, nikapigiwa simu. Wenzake walikuwa wamemwacha kwenye nyumba ambayo haijamalizwa kujengwa, amelala chali, anatapika, hajitambui. Kijana mmoja ambaye hakukimbia alisimamisha boda boda, wakamkalisha katikati na kumshikilia mpaka hospitali kubwa ya kaunti, ile ambayo sisi wa zamani bado tunaiita PGH.

Mungu ni mwema, alipona. Siku ya tatu nilikaa kando ya kitanda nikaanza kufungua Biblia. Akaniambia kwa heshima kabisa, "Pasta, mmenishika kichwa mara tatu. Hakuna mtu amewahi kuniuliza kitu."

Nikafunga Biblia nikamwuliza. Alinieleza karibu saa mbili. Alianza darasa la saba na kuber, chooni shuleni. Alikuwa anainunua kwenye kibanda ambacho mimi mwenyewe hununua mkate. Bangi ilikuja kidato cha kwanza, kwenye bweni. Pombe kali ilikuja mwaka ambao baba yake alipata kazi kwenye shamba la maua Naivasha akawa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi, na mama anauza mboga, anatoka saa kumi usiku kwenda kuchukua mzigo sokoni. Nikamwuliza pesa alikuwa anatoa wapi. Akaangalia ukuta. Kanisa lilikuwa linampa nauli ya mazoezi kila Jumamosi, na alikuwa anatembea kwa miguu. Ni sadaka zenu hizo, wapendwa, na ni mimi niliyekuwa natia sahihi.

Na ile Jumapili ya ushuhuda, alikuwa amekunywa asubuhi ili mikono isitetemeke kwenye kinanda. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Nilisikia harufu ya peremende tu, nikamsifu moyoni kwa usafi.

Tangu siku hiyo sijamwekea kijana mikono kabla ya kukaa naye chini. Wazee wengine wa kanisa hawakupenda. Mmoja aliniambia nimepoa.

Sasa nije kwako. Kitu cha kwanza ninachoambiwa na kila mzazi ni marafiki wabaya. "Pasta, mtoto wangu ni mzuri, ni marafiki wabaya." Nimechunga kondoo miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo yote sijawahi kukutana na mzazi wa yule rafiki mbaya. Kila anayekuja kwangu, wake ndiye aliyepotoshwa. Basi wale wanaopotosha wanazaliwa wapi? Jumapili iliyopita kulikuwa na akina mama wawili wameketi kiti kimoja, kila mmoja alishaniambia faraghani kwamba kijana wa mwenzake ndiye anayemharibu wake.

NACADA walipofanya utafiti wa kitaifa mwaka 2022 walipata kwamba Mkenya 1 kati ya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kileo au dawa ya kulevya moja. Walipata pia kwamba wapo walioonja pombe wakiwa na miaka 7. Miaka 7 ni mtoto wa Shule ya Jumapili. Mtoto wa miaka saba haketi baa na marafiki wabaya. Anatumwa chupa na mjomba, anaambiwa alambe povu, watu wazima wanacheka na mmoja anachukua video. Nimeona hilo kwenye sherehe ya ruracio, na waliokuwa wanacheka walikuwa na vitambaa vya kanisa.

Halafu kuna Desemba. Hapa najua nitapata kelele. Sisi tunaoishi pamoja kuanzia Njoro mpaka Subukia, Wakikuyu na Wakalenjin na wengine, tuna mambo mengi ya kutofautiana, lakini hili tunafanana. Kijana akishatahiriwa amekuwa mwanaume. Anapewa chumba cha nje. Mama haingii tena huko, akiingia anaonekana hana adabu. Baba naye anasema kijana amekua, amwache. Na wale vijana wakubwa waliopewa kazi ya kumtunza na kumfundisha, mara nyingi ndio wanaomletea chupa ya kwanza na msokoto wa kwanza, kama sehemu ya kumkaribisha utu uzima.

Sina neno na tohara. Mimi mwenyewe nilipitia Desemba yangu. Yapo makanisa hapa kwetu yanayofanya kambi nzuri za vijana hawa, wanatahiriwa hospitali na kufundishwa na wanaume wanaojulikana, na nayashukuru. Lakini niambie, mwanaume wa miaka kumi na nne ni mwanaume wa namna gani? Ugali anapikiwa. Karo analipiwa. Chumba ni chako, ploti ni yako au wewe ndiye unayelipa kodi. Iweje mlango wa chumba hicho ndio mlango pekee duniani usioruhusiwa kuufungua?

Soma habari za kuhani Eli, 1 Samweli sura ya 2 na ya 3. Watu wanakosea wakidhani Mungu alimhukumu kwa kutojua. Alijua. Aliambiwa na watu. Hata aliwakemea wanawe kwa mdomo. Alichohukumiwa ni kwamba alijua na hakuwazuia. Wazazi wengi wa Nakuru wako mbele ya Eli hatua moja tu, kwa maana wamepanga kabisa wasijue.

Basi piga hodi, ingia. Mwambie waziwazi kwamba kuanzia leo utakuwa unaingia, usinyemelee kama askari. Kama mila inakubana mama, aingie baba. Kama baba yuko mbali au hayupo, tafuta kaka yako, au mzee wa kanisa unayemwamini, mwingie pamoja.

Na ukiingia, usitegemee pua. Wazazi wengi bado wanangojea harufu. Siku hizi bangi inapikwa ndani ya biskuti na keki. Zile sigara za umeme zinanukia matunda. Kuber na vile vifuko vidogo vya nikotini havitoi moshi hata kidogo, vinawekwa chini ya mdomo, na mtoto anaweza kukaa navyo sebuleni mkitazama taarifa ya habari. Ukikuta kwenye pipa la taka kitu kama mfuko wa majani ya chai uliopungua ukawa mdogo kama kucha, si chai. Angalia mdomo wake wa ndani: fizi iliyochubuka, kidonda kisichopona, weupe mahali pamoja, kutema mate kila mara. Ni mtoto wako, ulimpiga mswaki akiwa mdogo. Unaweza kumwambia afungue mdomo.

Bangi na muguka havifanani. Wa muguka hali na halali, anaongea sana, usiku wa manane bado anazungukazunguka, halafu inafika siku analala mchana mzima kama mgonjwa. Wa bangi macho ni mekundu, anacheka vitu visivyochekesha, na saa sita usiku anamaliza ugali wote uliobaki. Ukikuta dawa ya macho na hajapelekwa hospitali ya macho, uliza. Chupa ya maji anayotembea nayo, ionje. Makasha ya vidonge yaliyokwisha na chupa za dawa ya kikohozi wakati hakuna aliyekohoa nyumbani, uliza. Pesa hazipotei kwa maelfu, zinapotea hamsini hamsini, halafu viatu "vinaibiwa", halafu simu ya zamani iliyokuwa droo haionekani. Mimi mwenyewe mtungi wetu wa gesi wa akiba uliwahi kupotea, na niliwaza wezi wa mtaa kwa mwezi mzima. Haikuwa wezi wa mtaa. Hayo nitayaeleza siku nyingine nikipata ruhusa ya mwenye habari, yuko vizuri sasa, Bwana asifiwe.

Lakini sikia hili pia. Kijana kununa, kulala sana, kushuka alama shuleni, kubadilisha marafiki, hakutoshi kumhukumu. Ujana unafanana na hayo. Huzuni inafanana na hayo zaidi. Nimeona binti aliyeitwa mlevi na ukoo mzima kumbe alikuwa anateswa na mtu mzima na ameogopa kusema. Baadaye kweli alianza kunywa, lakini pombe ilikuja ya pili. Kwa hivyo ukiona dalili, umepata sababu ya kukaa na mtoto na kumwuliza. Hukumu bado.

Kuuliza nako kuna wakati wake. Akija usiku amelewa, usianze mahakama. Hakusikii, na wewe utasema maneno ambayo hutaweza kuyarudisha. Ngojea asubuhi, mpe chai, watoto wengine wakiwa wametoka. Mwambie ulichokiona kwa macho yako, sio ulichosikia kwa jirani. Halafu muulize tangu lini, unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Akikwambia jambo la kukukata moyo, usimpige kwa sababu amesema kweli, maana akipigwa siku ya kwanza ya ukweli hatarudia.

Baba mmoja wa hapa alimpiga kijana wake akamfukuza, akaja kuniambia kwa fahari kwamba nyumba yake haiwezi kuchanganya giza na nuru. Nikamwuliza kijana amelala wapi. Hakujua. Mimi nilikuja kujua: alikuwa amekwenda kulala kwa yule yule anayemwuzia, maana ndiye mtu mzima pekee aliyemfungulia mlango. Kwa miezi miwili alilipa kodi ya kulala huko kwa kubeba mizigo yake. Unajua mizigo gani.

Na akina mama, nawapenda, lakini msiweke jina la mtoto kwenye kikundi cha WhatsApp mkisema ni ombi la maombi. Kufika jioni shule nzima inajua. Huo ni udaku umevaa kitambaa. Na wa wasichana ndio mnaowafanyia vibaya zaidi, mnamficha kwa shangazi yake kana kwamba ana ukoma, kwa sababu mnaogopa nani atamwoa. Ana miaka kumi na tano.

Ukimkuta amelewa hata haamki ukimwita kwa nguvu na kumtikisa, anapumua polepole au kwa kukoroma vibaya, mwili umekuwa baridi: huo sio wakati wa kumwaga maji wala wa kumnywesha maziwa. Usimlazimishe kutapika. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asisongwe, usimwache peke yake, mpeleke hospitali. Na akiamka akakwambia macho hayaoni vizuri, au anaona ukungu, usingoje hata saa moja, usiseme ni kizunguzungu cha pombe. Hiyo ni dalili ya pombe yenye methanoli, inayoua macho kisha mtu. Februari 2024 kijiji cha Kangai kule Kirinyaga kilizika watu zaidi ya 10 waliokunywa pombe ya namna hiyo. Omba ukiwa ndani ya gari. Mungu anasikia hata kwenye matatu.

Wako wanaotumia kila siku kwa muda mrefu. Huyo wa pombe usimfungie chumbani aache ghafla. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege, unaweza kufa, na hapo anahitaji daktari. Na hizi nyumba za kurekebisha tabia, kabla hujalipa, uliza kama ina kibali cha NACADA, ingia uone wanapolala, uliza ni nani mshauri na alisomea wapi. Wakikwambia watakuja na gari usiku kumkamata na hutaruhusiwa kumwona kwa miezi mitatu, ondoka. Vilevile kwa kambi ya maombi inayofunga watoto minyororo, hata kama mwenye kambi ni mtumishi mwenye jina kubwa. Kama hujui pa kuanzia, piga 1192, ni namba ya NACADA na ni bure. Ya watoto ni 116, na yenyewe ni bure. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga.

Najua wengine mmeshaandika kwenye komenti kwamba Pasta ameacha upako amefuata saikolojia. Nisikilizeni. Naamini pepo wapo. Nimewaona wakitoka. Na katika sura ile ile ya Marko 9, mstari wa 29, Yesu anawaambia wanafunzi kwamba jambo la namna hii halitoki ila kwa maombi. Naomba, na ninafunga kwa ajili ya watoto hawa kwa majina. Ninachopinga ni mzazi anayetumia maombi yangu kama mahali pa kumtupia mtoto, na mchungaji anayekubali kwa sababu mtoto akianguka mbele kanisa linajaa. Luka anaisimulia habari hii pia, sura ya 9, na mstari wa 42 unasema Yesu alipomaliza alimrudisha kijana kwa baba yake. Hakubaki naye. Hakumfanya shahidi wa kuzunguka naye kwenye mikutano. Na mimi ombi langu likijibiwa nitakurudishia wewe, wewe ambaye hujui alianza darasa gani.

Kuna la mwisho, na hili ni kwa wachache walio na mali. Mwaka 2010 sheria ya vileo ilipopita, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, tulijivunia kwa sababu aliyeileta alikuwa mbunge wetu wa Naivasha. Sheria hiyo inasema asiuziwe mtu wa chini ya miaka 18, na duka la pombe liwe angalau mita 300 kutoka shule. Sasa toka nje uhesabu hatua. Katika mtaa wa kanisa letu nimehesabu maduka matatu ya pombe kali kati ya lango la shule ya msingi na kituo cha matatu, na sikufika mita 300. Nimeuliza ploti hizo ni za nani.

Ndugu yangu, moja ni yako. Unaijua na mimi naijua. Unakuja ibada ya kwanza, unakaa mstari wa pili, unatoa zaka ya kodi ya duka hilo, na mimi nimekuwa nikiipokea na kuibariki bila kuuliza imetoka wapi. Kijana wa kinanda alinunua chupa yake ya mwisho hapo, akiwa na sare ya shule, na hakuulizwa kitambulisho. Sitataja jina lako hapa. Nimekwisha kukuandikia barua na wazee wa kanisa wana nakala. Mpaka mpangaji huyo atakapoondoka, au aache kuwauzia watoto na uwe tayari kukaa hapo dukani jioni ukishuhudia, zaka ya ploti hiyo usiilete kwangu. Tuna deni la mabati, mnajua wote. Litangoja.

Jumamosi hii kuanzia saa nane mchana nitakuwa ofisini kanisani mpaka jioni. Dada yetu mmoja ambaye ni muuguzi atakuwa nami, na kijana wa kinanda amesema atakuwepo kwa yeyote atakayetaka kuzungumza na mtu wa umri wake. Njooni wazazi kwanza, bila mtoto, na kama ni wawili njooni wawili. Baba, usimtume mama. Mkishindwa kufika kwa sababu ya kazi, hasa ninyi wa mashamba ya maua, nitumieni ujumbe tupange Jumapili usiku. Sitauliza ada wala sadaka. Nitauliza lile swali, na kama jibu hamna, nendeni mkalitafute kwanza, nitawangoja.

Mama wa Molo, kama unasoma hapa, simu yako haipatikani tangu jana asubuhi. Nipigie saa yoyote, hata usiku. Na kama kijana amerudi nyumbani, mpe chakula kwanza.

Mchungaji wenu.